SIRI, UFUNGUO NA ONYO: ULINZI WA TAARIFA ZA BIASHARA NA MANENO YAKE

Neno siri ni la zamani katika Kiswahili, nalo lilifanya kazi dukani kabla ya kufanya kazi katika kompyuta. Mfanyabiashara wa pwani alikuwa na daftari lake, na katika daftari mliandikwa mambo ambayo hakupenda yatoke nje: bei aliyonunulia bidhaa, majina ya wadeni, kiasi cha deni la kila mmoja, na fedha alizowekewa na watu kuwa amana. Karani aliyelishika daftari hilo alitafutwa kwa uzuri wa hati yake, lakini aliaminiwa kwa ulimi wake. Akitoka kwa bwana mmoja na kuingia kwa mwingine, yote aliyoyasoma alitoka nayo kichwani, wala hapakuwa na kufuli la kuyazuia.

Daftari hilo sasa limo katika kompyuta, na yaliyomo ni yale yale: bei, madeni, majina na amana. Kilichobadilika ni namna ya wizi. Aliyeiba daftari la karatasi aliacha nafasi tupu juu ya rafu, na mwenye mali aliijua hasara yake asubuhi. Aibaye taarifa katika kompyuta huchukua nakala, na asili hubaki mahali pake, hata mwenyewe akaendelea na kazi kwa miezi mingi bila kujua kwamba ameibiwa. Tena mwizi wa zamani alilazimika kufika dukani kwa miguu yake; wa leo aweza kuwa katika nchi ambayo mwenye duka hajapata kuisikia. Na daftari moja lilikuwa na habari za mtaa mmoja. Kifaa kisichozidi ukucha sasa chaweza kubeba habari za wateja wa nchi nzima.

Wengi hudhani ya kuwa ulinzi wa taarifa hizo ni kazi ya mafundi wa mitambo peke yao. Makala haya yaeleza misingi ya ulinzi huo, na katika kuieleza yataka kuonyesha ya kuwa sehemu yake kubwa ni kazi ya lugha. Adui huingia kwa maneno, mara nyingine hukamatwa kwa maneno, na mlinzi wa kwanza, yaani karani, hulinda au hushindwa kulinda kwa kadiri alivyolielewa onyo alilopewa.

MAMBO MATATU YALINDWAYO

Wataalamu wa ulinzi wa kompyuta huigawa kazi yao katika mafungu matatu. La kwanza ni usiri: taarifa isomwe na aliyeruhusiwa tu. La pili ni uzima: taarifa isiongezwe, isipunguzwe wala isibadilishwe na mtu asiye na haki. La tatu ni upatikanaji: mwenye haki aipate taarifa wakati anapoihitaji. Yafaa kuyatenga mafungu haya, kwa sababu mtu aweza kulinda moja na kupoteza jingine. Daftari lililofungwa ndani ya sanduku la chuma na kutupwa baharini lina usiri kamili, lakini halimfai mtu. Orodha ya bei iliyobandikwa ukutani haina usiri wowote, lakini uzima wake ni jambo kubwa, maana atakayebadilisha tarakimu moja huleta ugomvi dukani. Na hati ya madai iliyobadilishwa namba ya akaunti tu, maneno mengine yote yakabaki sawasawa, haikutoa siri ya mtu yeyote. Hata hivyo fedha zote zitakwenda kwa mwizi.

Katika mafungu yote matatu hatari haitoki nje tu. Wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata, na methali hiyo yaeleza vema kanuni moja kubwa ya ulinzi. Kata hujua kwa sababu huingia ndani kila siku. Mfanyakazi aingiaye katika taarifa zote za kampuni, hata zile zisizohusu kazi yake, ni kata katika mitungi yote ya nyumba. Si lazima awe mwovu. Yatosha mwovu alipate neno lake la siri. Kwa hiyo kanuni yataka kila mtu afunguliwe mlango wa kazi yake tu, na siku aachapo kazi milango hiyo ifungwe siku ile ile. Karani wa zamani hakuweza kunyang'anywa alichokumbuka. Wa leo aweza, angalau, kunyimwa ruhusa ya kusoma zaidi.

KINYUME NA UFUNGUO

Njia kongwe ya kulinda maneno ni kuyafumba. Waswahili wanao mchezo uitwao kinyume, ambao silabi ya mwisho ya neno huletwa mbele. Duka huwa kadu, kitabu huwa bukita, na mwenye kutaka kusema “leta fedha kesho” husema “tale dhafe shoke”. Asiyeuzoea mchezo huo hubaki ameduwaa. Lakini kinyume kina kasoro moja: siri yake yote imo katika njia. Msikilizaji akishaijua njia, amejua kila kitu kilichosemwa kwa kinyume jana, leo na kesho, na wasemaji hawana la kufanya ila kubuni mchezo mwingine.

Hata njia iliyo ngumu zaidi huvunjwa na mtu aijuaye lugha. Katika karne ya 9, huko Baghdad, mwanafalsafa al-Kindi aliandika risala iliyoeleza jinsi ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi. Kila lugha ina herufi zipendwazo. Atakayehesabu herufi za ukurasa wowote wa Kiswahili ataona ya kuwa a huzizidi nyingine zote, kwani imo katika viambishi vya nafsi na vya wakati, tena humaliza vitenzi vingi. Basi kama mwandishi amebadilisha kila herufi kwa alama yake, alama iliyo nyingi kuliko zote aghalabu itakuwa a. Na hapo sarufi yenyewe huanza kumsaidia mfumbuzi, kwa sababu silabi za Kiswahili huishia kwa irabu na mpangilio wake ni mwepesi kukisiwa.

Jibu la tatizo hili lilitolewa na mtu wa lugha. Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi, alikuwa mwalimu wa Kijerumani mjini Paris na mmoja wa viongozi wa Volapük, lugha iliyobuniwa ili iwe ya mataifa yote. Mwaka 1883 alichapisha makala juu ya maandishi ya siri ya kijeshi, na ndani yake aliweka sharti kwamba njia ya kufumba iwe salama hata ikianguka mikononi mwa adui. Siri na ikae katika ufunguo, kitu kidogo kiwezacho kubadilishwa, wala isikae katika njia.

Sharti hilo ndilo linalofuatwa hata leo. Mwaka 1997 Marekani iliwaita wataalamu wa dunia walete njia mpya ya kufumba taarifa, na njia zilizoletwa zilitangazwa ili kila mwenye elimu ajaribu kuzivunja. Iliyochaguliwa ilitungwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, nayo ilitangazwa kuwa kipimo rasmi mwaka 2001 kwa jina la AES. Maelezo yake yote yasomwa na yeyote atakaye. Asichonacho msomaji ni ufunguo, na ufunguo mfupi kuliko wote katika njia hiyo ni mmoja kati ya idadi ambayo kuiandika kwahitaji tarakimu 39. Hapana mashine iwezayo kuzijaribu funguo hizo moja moja.

Udhaifu, basi, hauko katika fumbo bali katika neno ambalo binadamu hulitumia kulifungua. Mtu akichagua herufi nane ndogo za abjadi ya Kilatini kwa kubahatisha, mwizi ana hesabu zipatazo bilioni 208 za kujaribu. Kwa mashine za leo hiyo si kazi kubwa kama amekwisha kuiba hifadhi ya maneno hayo na aweza kuyajaribu kwake nyumbani. Tena watu hawachagui kwa kubahatisha. Huchagua jina la mtoto, la mji au la timu ya mpira, au neno lililomo katika kamusi, na hapo hesabu hushuka kutoka mabilioni hadi maelfu. Mwenye kudhani amefanya werevu kwa kuandika methali kamili amejidanganya, maana methali yajulikana na wote, na orodha za wezi hukusanya semi mashuhuri kama zikusanyavyo majina.

Lililo bora ni maneno kadhaa yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa kura. Mwaka 1995 ilitangazwa njia ya kurusha dadu mara tano ili kupata neno moja katika orodha ya maneno 7,776. Maneno manne yaliyopatikana hivyo humpa mwizi hesabu zaidi ya trilioni 3,600, na mwenyewe huyakumbuka kwa urahisi kuliko mchanganyiko wa alama zisizosomeka. Mwaka 2017 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, nayo ilishauri ya kuwa urefu upewe heshima kuliko uchanganyaji wa alama, na watu wasilazimishwe kubadilisha maneno yao ya siri mara kwa mara pasipo sababu. Kwani alazimishwaye huongeza tarakimu moja mwishoni na kuhesabu kuwa amebadilisha.

HADAA YA MANENO

Mwizi mwenye akili hashindani na fumbo. Humwendea mwenye ufunguo na kumwomba. Katika Tanzania watu wengi wenye simu wamepata kuletewa ujumbe wa namna hii: “Ile hela itume kwenye namba hii.” Ujumbe ni mfupi, hauna salamu wala jina la mtumaji, na kwa mtazamo wa kwanza waonekana kuwa hauna nguvu yoyote. Lakini mwenye kuichunguza sarufi yake ataona ustadi wake. Neno ile, katika matumizi haya, haliashirii kitu kilicho mbali; laashiria kitu ambacho msemaji na msikilizaji wamekwisha kukitaja baina yao. Mwizi hajui habari yoyote ya anayemwandikia. Amemtupia kiashiria kisicho na kiashiriwa, na msomaji mwenyewe ndiye anayekitafuta kiashiriwa katika maisha yake. Kama siku hiyo alikuwa na kodi ya kulipa, au karo ya mtoto, au deni la duka, basi ile hela ameshaipata, na mwenye kuidai ameshamjua kwa jina. Uongo umekamilishwa na yule anayedanganywa.

Barua za hadaa ziletwazo katika ofisi hufuata kawaida hiyo hiyo. Hujifanya zatoka kwa mkuu wa kazi aliye safarini, au kwa muuzaji aliyezoea kuleta hati za madai, na kutaja jambo kana kwamba lilikwisha kuzungumzwa. Huongeza haraka ili karani asipate nafasi ya kuuliza, na huongeza heshima ili aone haya kuuliza. Katika jamii ambayo kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu, hadaa hii hupata nguvu zaidi. Kwa hiyo kanuni ya kuthibitisha yapaswa kutolewa na mkubwa mwenyewe, naye aseme wazi ya kuwa karani atakayempigia simu kumwuliza hakumvunjia heshima bali amemlindia mali.

BENKI YA DHAKA, 2016

Mfano ulio wazi kuliko yote wa nguvu ya maneno katika jambo hili watoka Bangladesh. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyofunguliwa Marekani mwaka 2018 dhidi ya mtu mmoja wa Korea ya Kaskazini, habari ilianza mwezi Januari 2015, wafanyakazi wa Benki Kuu ya Bangladesh walipoletewa barua ya mtu aliyejifanya kuomba kazi na kuwaelekeza mahali pa kuisoma historia yake. Serikali ya Korea ya Kaskazini imekana mashtaka hayo. Barua haikuomba fedha wala siri. Iliomba kusomwa tu. Walioifungua hati yake waliifungulia mlango programu ya wezi, na muda wa mwaka mmoja wezi hao wakawamo ndani ya mtandao wa benki, wakitafuta njia ya kuzifikia mashine zilizotuma maagizo ya malipo.

Usiku wa tarehe 4 Februari 2016 walituma maagizo 35 kwa jina la benki hiyo, kwa njia ya SWIFT itumiwayo na mabenki ya dunia, wakiitaka Benki ya Hazina ya New York ilipe karibu dola milioni 951. Siku ilichaguliwa kwa hesabu. Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko Bangladesh, Jumamosi na Jumapili ni mapumziko New York, na Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina huko Manila, mahali palipopelekwa fedha. Mashine ya kuchapa iliyokuwa ikitoa nakala ya kila agizo katika ofisi ya Dhaka nayo iliharibiwa kazi yake, na wafanyakazi walipoikuta asubuhi haifanyi kazi walidhani ni ubovu wa kawaida.

Maagizo yalikuwa na alama zote za kweli, kwa kuwa yalitumwa kwa funguo za kweli. Mitambo haikuwa na la kuyakataa. Yaliyoyazuia ni maneno mawili. La kwanza ni Jupiter, jina lililokuwamo katika anwani ya tawi la benki ya Manila. Jina hilo lilikuwa pia katika orodha ya vikwazo vya Marekani, hata maagizo mengi yakasimamishwa yachunguzwe. La pili lilikuwa katika agizo la dola milioni 20 kwenda kwa shirika moja la Sri Lanka. Mwandishi wa agizo alitaka kuandika “foundation”, yaani wakfu au taasisi, lakini aliandika “fandation”. Benki ya Deutsche, iliyopitishiwa fedha hizo, ilishuku tahajia hiyo na kuuliza Dhaka, na fedha zikarudi. Dola milioni 81 zilizokwisha kufika Manila zilitolewa na kuingizwa katika nyumba za kamari, na sehemu yake kubwa haikurudi. Gavana wa Benki Kuu ya Bangladesh alijiuzulu mwezi Machi mwaka ule ule.

Haifai kusema ya kuwa benki iliokolewa na kosa la tahajia, kwani kosa peke yake haliokoi. Aliyeokoa ni msomaji aliyekataa kulipita kosa hilo. Na yafaa kuongeza ya kuwa bahati hiyo haitadumu: zipo sasa programu ziandikazo barua sanifu katika lugha nyingi, Kiswahili kimoja chao, na mwizi asiyejua upatanisho wa ngeli aweza kuandikiwa barua isiyo na doa. Usanifu wa lugha hauwezi tena kuwa ushahidi wa uaminifu. Itabaki kanuni ya kuthibitisha kwa njia nyingine: ombi lililokuja kwa barua lithibitishwe kwa sauti, tena kwa namba iliyojulikana tangu zamani, si ile iliyoandikwa katika barua yenyewe.

NAKALA ILIYOSALIMIKA GHANA

Fungu la tatu, upatikanaji, lina mfano wake katika Afrika. Tarehe 27 Juni 2017 kompyuta za Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark, zilizima moja baada ya nyingine. Maradhi yalianzia Ukraine, ambako wezi walikuwa wameingia katika programu ya mahesabu itumiwayo na makampuni mengi ya nchi hiyo, wakaichanganya na programu yao iliyokuja kuitwa NotPetya. Ofisi iliyopokea marekebisho ya kawaida ya programu yake ya mahesabu ilikuwa imepokea maangamizi. Mwezi Februari 2018 Marekani na Uingereza zililitaja jeshi la Urusi kuwa ndilo lililotenda, na Urusi ikakana.

Maandishi yaliyotokea juu ya vioo vya kompyuta yalidai kikomboleo cha dola 300, lakini hata hayo yalikuwa uongo, kwani taarifa ziliharibiwa bila ya kuwapo ufunguo wa kuzirudisha. Maersk ilikuwa na nakala nyingi za orodha yake kuu, ile iliyotambua kila mtumiaji na ruhusa zake, katika mashine zipatazo 150 duniani. Lakini nakala hizo zilifungamana: lililobadilika katika moja lilibadilika katika zote, na zilipougua ziliugua pamoja. Moja tu ilisalimika, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya maradhi kufika. Njia ya mtandao ilikuwa finyu mno kuipeleka nakala hiyo Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya kuingia huko. Ikabidi mmoja aichukue mkononi hadi Nigeria na kumkabidhi mwenziwe aliyesafiri nayo hadi London. Kampuni ilitengeneza upya kompyuta 45,000 na seva 4,000 katika siku kumi, na hasara yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Funzo lake ni jepesi kuliko gharama yake. Nakala ya akiba haistahili jina hilo mpaka iwe imetengwa na asili, na mpaka siku moja imejaribiwa kurudishwa ikarudi. Duka dogo lenye kompyuta moja laweza kuitimiza kanuni hii kwa kifaa kidogo kinachochomolewa na kufungiwa mahali pengine kila jioni.

MANENO YA ONYO

Yote yaliyotajwa huishia mahali pamoja, yaani katika onyo analopewa mfanyakazi; na onyo ni kazi ya istilahi. Tazama maneno matatu yatumikayo kwa kitu kimoja: nywila, nenosiri na neno la siri. Nywila ni fupi na halichanganyiki na neno jingine, lakini halimwelezi asiyelijua. Nenosiri hujieleza lenyewe, ila lina hatari iliyojificha: humfundisha mtu ya kuwa kinachotakiwa ni neno, naye huchagua neno moja la kamusi, jambo ambalo hesabu zilizotangulia zimeonyesha ubaya wake. Huenda wingi, maneno ya siri, ungefundisha vizuri zaidi bila kuhitaji kubuniwa kwa istilahi mpya.

Kinyume cha hayo ni namba ya siri, ambayo ilienea pamoja na huduma za fedha kwa simu kama M-Pesa, iliyoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008. Bibi asiyejua kusoma huijua maana yake, na hujua pia wajibu wake, kwa sababu neno siri limo ndani na wajibu wa siri aliufahamu tangu utoto. Istilahi hiyo hubeba onyo lake yenyewe.

Kitenzi hifadhi chastahili kuangaliwa zaidi. Katika programu za kompyuta zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, hifadhi ni amri ya kuweka kazi iliyoandikwa ili isipotee. Katika matumizi ya kawaida hifadhi ni pia kulinda na madhara. Basi karani aambiwaye “hifadhi taarifa za wateja” aweza kubonyeza amri hiyo, akaona kazi imewekwa, na kuondoka akiamini kwamba ametii. Hakukaidi, ameelewa maana moja kati ya mbili. Afadhali kitenzi linda kitumike kwa maana ya ulinzi, na hifadhi kiachiwe kazi ya kuweka. Sheria ya Tanzania imechagua vema katika jambo hili, kwa kuitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo huwataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa za watu wajiandikishe kwa Tume iliyoundwa kwa kazi hiyo. Kenya ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 2019, na huko neno data ndilo lililoshika. Taarifa na data yote mawili yafaa, lakini taarifa lina mzigo wa ziada: ni jina la habari zisomwazo redioni, na msikilizaji asiyeelezwa aweza kudhani kwamba kinacholindwa ni matangazo.

Lipo neno moja ambalo sheria hizo hazikulihitaji, lakini mwalimu wa makarani angelihitaji, nalo ni amana. Mfanyabiashara hudhani taarifa za wateja ni mali yake, kwa kuwa zimo katika kompyuta yake. Desturi ya pwani haikuhesabu hivyo fedha zilizowekwa dukani. Zilikuwa za mwenyewe, na mwenye duka alikuwa mshikaji tu, aliyepaswa kuzirudisha kamili na kutozitaja mbele za watu. Jina la mgonjwa katika daftari la dawa, mshahara wa mfanyakazi, na deni la jirani vina hali hiyo hiyo. Mtu akiambiwa alinde data, hulinda kadiri ya amri. Akielewa kuwa ameshika amana, hujiuliza mwenyewe nani anamwomba, na kwa nini.

Hapa ipo kazi kwa wataalamu wa lugha. Orodha ya maneno 7,776 mafupi ya Kiswahili, yasiyofanana kwa sauti wala kwa tahajia, ya kuchagulia maneno ya siri kwa kura, ni kazi ya watunga kamusi kabla ya kuwa ya mafundi. Na kila onyo la ofisini lingefaa kusomwa kwanza mbele ya makarani kumi, kila mmoja aeleze kwa maneno yake ameambiwa afanye nini. Iwapo majibu yatatofautiana, onyo liandikwe upya kabla halijabandikwa ukutani.